Mkono Ulio Mbali: Habari za Kuwatunza Waliopooza kwa Waya, kwa Redio na kwa Simu

Miongoni mwa mambo yaliyozidi kuletwa mbele ya Halmashauri yetu tangu mwaka 2020 ni maombi ya wanachama watakao mfuko wa chama uwalipie matunzo ya viungo yatolewayo kwa simu. Mzee amepigwa na kiharusi, na upande mmoja wa mwili wake umelegea. Tabibu wa viungo yuko Nairobi au Mombasa, naye mgonjwa yuko kijijini. Basi tabibu humtazama katika kioo cha simu, humwamuru ainue mkono, ahesabu kumi, apumzike. Baada ya nusu saa hulipwa ada yake, na kila mmoja huenda zake. Wako wanachama wasemao kwamba jambo hili ni neema kubwa, na wako wasemao kwamba ni udanganyifu mtupu, kwa kuwa hapana awezaye kuunyosha mguu asioushika.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zadhani jambo hili limezaliwa jana. Umri wake wapita miaka mia, na katika miaka hiyo yote swali moja limekuwa likirudi: mkono wenye elimu ukiwa mbali, na mkono usio na elimu ukiwa karibu, dhima ya mwili wa mgonjwa ni ya nani? Twaandika habari hizi ili wanachama wajue watu wa kwanza walilikabili vipi swali hilo, sheria ilikuja lini, na ni mahali gani ambapo bado haijafika.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba matunzo tuyasemayo si dawa ya kumeza. Ni kazi ya kumrudishia mtu uwezo wake: kukaa, kusimama, kumeza, kusema, kufunga vifungo vya shati. Kazi hii ni ya miezi na miaka, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, asipokuwako daktari. Ndiyo sababu umbali umekuwamo ndani yake tangu mwanzo, hata kabla ya simu kufikiriwa.

Kisa kisimuliwacho zaidi cha matibabu kwa mbali ni cha mwaka 1917. Huko Halls Creek, kaskazini ya jimbo la Australia Magharibi, mchunga ng'ombe mmoja kijana aitwaye Jimmy Darcy alianguka na farasi akaumia vibaya ndani ya tumbo. Daktari hakuwako kwa mamia ya maili. Aliyekuwako ni mkuu wa posta, Bwana Tuckett, ambaye ujuzi wake ulikuwa ni huduma ya kwanza tu. Alipeleka habari kwa waya hata Perth, kwa Daktari Holland, ambaye ndiye aliyepata kumfundisha huduma hiyo. Kwa alama za Morse daktari aliuliza, naye mkuu wa posta akajibu. Kisha daktari akasema kibofu kimepasuka, hapana budi mgonjwa apasuliwe, na kwa kuwa hapana mpasuaji, atapasua mkuu wa posta. Tuckett alikataa, akisema hana vifaa wala elimu, na kwamba huenda atamwua. Mwishowe alimpasua kwa kisu kidogo cha kukunja, huku maagizo yakiwasili kwa waya. Daktari naye akafunga safari ya siku nyingi kwa meli, kwa motokaa na kwa farasi. Alipowasili, Darcy alikuwa amekwisha kufa siku moja kabla. Maiti ilipochunguzwa ilionekana kwamba upasuaji wenyewe ulifanywa vema. Malaria pamoja na jipu la ndani ndivyo vilivyomwua.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa sababu kilimtia moyo mchungaji John Flynn, ambaye mwaka 1928 alianzisha kule Cloncurry, katika jimbo la Queensland, kazi ya madaktari wa ndege. Sisi twakileta kwa sababu nyingine. Tazameni ni nani aliyekuwa hatarini. Daktari alikuwa na leseni, lakini hakumgusa mgonjwa. Mkuu wa posta alimgusa, tena alimkata, lakini hakuwa na leseni, wala hakutaka kuifanya kazi ile. Ama mgonjwa, hata kama aliridhia, ridhaa ya mtu ambaye kukataa kwake ni kufa ni ridhaa ya namna gani? Maswali yote matatu ya leo yamo mle, kabla ya mtu kuyatungia sheria.

Mwaka 1929 fundi mmoja, Alfred Traeger, aliwapa wakaaji wa nyika ile redio iliyotiwa nguvu za umeme kwa kukanyaga pedali kama za baisikeli. Baadaye kila shamba la mbali lilipewa sanduku la dawa ambamo kila chupa ilikuwa na namba yake, na picha ya mwili wa mtu iliyogawanywa kwa namba vilevile. Mama wa shamba alisema maumivu yako kwenye namba fulani, naye daktari akamwambia ampe mgonjwa dawa ya namba fulani. Ulikuwa ni ufundi wa akili sana, kwani ulimwezesha mtu asiyejua majina ya dawa wala ya viungo kueleza na kuelezwa bila ya kukosea. Lakini kila aliyekuwa na redio kwenye masafa yale aliyasikia maongezi yote. Mwanamke mwenye taabu ya uzazi, au mzee asiyeweza kuzuia mkojo, alikuwa na hiari ya mambo mawili tu: kusema mbele ya majirani wote wa nchi nzima, au kunyamaza. Tangu wakati ule umbali umekuwa na bei, na bei yenyewe hulipwa kwa siri ya mgonjwa.

Mfano huo ulifika kwetu Afrika ya Mashariki mwaka 1957, wakati waganga watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoanzisha utumishi wa madaktari wa ndege ambao leo ni AMREF. Yafaa ikumbukwe kwamba wote watatu walikuwa waganga wa kutengeneza upya maungo ya watu. McIndoe ndiye aliyewatengeneza marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, huko East Grinstead katika Uingereza, naye aliwahimiza watu wa mji ule wasiwakodolee macho vijana wale walipopita njiani na nyuso zao zilizoharibika. Alijua kwamba kazi ya kisu ni nusu tu ya kazi.

Nusu ya pili ndiyo itupasayo sisi. Aliyeungua akishapandikizwa ngozi huhitaji viungo vyake vinyoshwe kila siku kwa miezi, la sivyo kovu hujikunja likafunga kiwiko au shingo. Ndege yaweza kumleta mpasuaji asubuhi na kumrudisha jioni, lakini haiwezi kumweka pale kwa miezi. Miezi ile ni ya aliyebaki kituoni, yaani muuguzi, mtumishi wa misheni, au mama wa mgonjwa. Redio zilizofungwa baadaye ziliwawezesha hao kumwuliza daktari wa Nairobi, na hapana shaka kwamba ziliokoa watu. Hata hivyo, redio ya namna ile ni baraza, na wapitao wote husikia.

Mwaka uliofuata, yaani 1958, ndipo kilipoundwa chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo wa Kenya, kijulikanacho kwa herufi APDK. Ulikuwa ni wakati wa ugonjwa wa polio, ulioacha watoto wengi na miguu iliyosinyaa. Mtoto wa namna hiyo hufungwa vyuma mguuni, hupewa mikongojo, na mama huonyeshwa namna ya kumnyosha asubuhi na jioni. Kisha hurudi kwao. Vyuma havikui, ila mtoto hukua. Baada ya miezi kadha vyuma vyambana, na mama hana nauli ya kurudi. Hapa pia tabibu amekwisha kuwa mbali, ingawa hapana waya wala redio. Twasema hivi kwa kuwa wako wadhanio kwamba matunzo ya ana kwa ana ni salama siku zote, na ya mbali tu ndiyo yenye hatari. Kumfundisha mama mara moja na kumwacha mwaka mzima ni matunzo ya mbali, tena ya mbali kuliko simu.

Sasa tuingie katika sheria. Msingi wa dhima katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza uliwekwa mwaka 1932, katika daawa ya Bibi Donoghue wa Scotland, aliyekunywa kinywaji cha chupa na kukuta konokono aliyeoza ndani yake. Hakuinunua chupa ile yeye mwenyewe, wala hakuwa na mapatano yoyote na aliyeitengeneza. Hata hivyo majaji wa Baraza la Malordi, kwa wingi wa kauli, waliamua kwamba mtengenezaji alikuwa na wajibu juu yake. Jaji Lord Atkin alieleza kwamba jirani katika sheria ni yule ambaye tendo langu laweza kumdhuru, na ambaye ilinipasa kumfikiri kabla ya kutenda. Kwa maelezo hayo ujirani haupimwi tena kwa hatua. Mwenye kiwanda asiyeuona uso wa mnywaji ni jirani yake. Basi tabibu wa Nairobi amwambiaye mgonjwa wa Taveta asimame ni jirani yake kadhalika, naye hawezi kujitetea mbele ya mahakama kwa kusema tu kwamba hakuwako.

Ama kipimo cha uangalifu wa daktari kiliwekwa mwaka 1957, mwaka uleule wa madaktari wa ndege wetu. Bwana Bolam, mgonjwa wa akili katika hospitali ya London, alipitishwa umeme kichwani bila ya kupewa dawa ya kulegeza misuli, wala hakuonywa juu ya hatari yake. Alitetemeka kwa nguvu hata mifupa ya nyonga ikavunjika. Alidai, akashindwa. Ilisemwa kwamba daktari hana kosa ikiwa alifanya kama wafanyavyo kundi la wenzake wenye ujuzi. Mahakama za Kenya zimekitumia kipimo hiki mara nyingi. Lakini hebu fikirini: katika kazi mpya, ambayo wenzake bado hawajakubaliana namna ya kuifanya, desturi ya wenzake ni ipi? Kwa muda mrefu jibu la swali hilo halikuwako, na mgonjwa aliyeumizwa kwa maagizo ya mbali angalipata shida kubwa kuthibitisha dai lake.

Twapita upesi hadi mwaka 1978, ulipofanyika mkutano wa Alma-Ata juu ya afya ya msingi. Baada ya mkutano huo Shirika la Afya Duniani lilianza kueneza fikira ya kuwatunza walemavu mahali wakaapo, kwa mikono ya jamaa na majirani. Mswidi Einar Helander, pamoja na Padmani Mendis wa Sri Lanka na wenzao, waliandika vitabu vyenye michoro na maneno mepesi vya kumfundisha mtu wa nyumbani. Toleo lililotengenezwa kikamilifu lilitoka mwaka 1989. Kabla ya hapo, mwaka 1987, David Werner alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa juu ya watoto walemavu wa vijijini, kilichotokana na kazi ya kijiji cha Ajoya katika Mexico, ambako walemavu wenyewe ndio waliokuwa mafundi na matabibu. Wanachama wetu wamjua Werner kwa kitabu chake kingine, kwa Kiswahili Mahali Pasipo na Daktari, kinachoonekana hata leo katika zahanati nyingi, kikiwa hakina jalada.

Vitabu hivi vilifanya jambo ambalo waya na redio hazikulifanya: viliwaambia watu wa nyumbani sababu. Tuckett aliambiwa kata hapa. Mama wa shamba aliambiwa toa chupa ya namba fulani. Lakini msomaji wa Werner anaelezwa kwa nini kiungo hujikunja, na kwa nini kukinyosha kwa nguvu kupita kiasi huumiza. Kuanzia hapo mkono ulio karibu ulianza kuwa na akili yake. Upungufu wake ni kwamba kitabu hakijibu kiulizwapo, wala hakishitakiwi. Tena kazi yote iliwaangukia akina mama na mabinti, bila ya malipo, nayo ikaitwa kazi ya jamii. Hatupendi neno hilo litumike kufunika ukweli kwamba mtu mmoja nyumbani ndiye anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa.

Kisha ikaja simu ya mkononi, na baadaye simu yenye picha. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Mtu aliyepigwa na kiharusi Machi hakuweza kungoja njia zifunguliwe, kwa kuwa miezi ya kwanza ndiyo yenye mazao mengi zaidi. Hivyo kazi iliyokuwa ikijaribiwa na wachache ikawa kazi ya wengi kwa majuma machache tu, kabla ya mtu kuketi na kuiwekea kanuni.

Ni kitu gani kisichoonekana katika kioo? Tabibu akiushika mkono uliolegea husikia ugumu wa msuli, joto la kiungo, na mahali mgonjwa anapoanza kujizuia kwa maumivu. Kwa simu hapati hata moja. Bega la upande uliopooza hushikiliwa na misuli, na misuli ikilegea kiungo hutoka kidogo mahali pake. Jamaa akimwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono ule, bega laharibika, na picha ya simu yaweza isionyeshe. Shavu la mguu likivimba na kupata moto, huenda damu imeganda mshipani, na kumtembeza mtu huyo bila ya kumpima kwanza ni hatari. Aliyevunjika uti wa mgongo hasikii maumivu chini ya jeraha, basi vidonda vya kulalia huanza pasipo yeye kujua, mahali ambapo simu haielekezwi kwa ajili ya haya. Zaidi ya hayo, mgonjwa akianguka katikati ya zoezi, tabibu hana afanyalo ila kupiga kelele ndani ya simu.

Hayo ni ya kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 2020 wachunguzi wa jumuiya ya Cochrane walikusanya majaribio 22 ya kuwatunza kwa mbali watu waliopata kiharusi. Ingawa ushahidi haukuwa imara kila mahali, hawakuona kwamba waliotunzwa kwa mbali walipata hali mbaya kuliko waliotunzwa ana kwa ana. Tukumbuke pia kwamba anayesema "njooni hospitalini" husema neno jepesi ikiwa yeye akaa karibu na hospitali. Kwa mtu wa Marsabit au wa Tana River, kuyakataa matunzo ya simu mara nyingi si kuchagua yaliyo bora, ni kuchagua kukosa. Kumnyima mtu msaada kwa kuogopa daawa nako ni jambo litakalotakiwa kujibiwa.

Katika ridhaa, sheria imepiga hatua. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, katika daawa ya Bibi Montgomery, iliamua kwamba daktari ampe mgonjwa habari za kila hatari ambayo mtu wa hali yake angeona kuwa ni kubwa, si zile tu ambazo madaktari wamezoea kuzitaja. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila huheshimiwa. Sheria yetu wenyewe, yaani Sheria ya Afya ya mwaka 2017, yataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo na hatari zake, kwa lugha aielewayo ikiwezekana, na kwa kuangalia kiasi cha elimu yake. Basi mtu atunzwaye kwa simu ana haki ya kuambiwa waziwazi: "Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa nilipo, nayo ni haya." Kubonyeza kitufe cha kukubali chini ya maandishi marefu ya Kiingereza si kuelezwa. Liko na jambo jingine tusilolisikia likisemwa. Kiharusi huweza kumnyang'anya mtu maneno na kumwachia akili. Jamaa hujibu kwa niaba yake, na simu huwekwa mbele ya jamaa, si mbele yake. Mwenye mwili hageuki kuwa mzigo kwa kuwa ulimi umemkatalia. Tabibu wa haki humtaka atikise kichwa, au ainue kidole, na humngoja.

Kuhusu siri, tumetoka katika redio ya wote tukaingia katika simu ya nyumba nzima. Nyumba nyingi hutumia simu moja, na mahali penye mtandao mzuri mara nyingi ni uwanjani, chini ya mwembe, mbele ya watoto na wageni. Mgonjwa huombwa apandishe shuka ili paja lionekane. Mpwa huzipiga picha ili zipelekwe kwa tabibu, nazo hubaki simuni hata baada ya mzee kufa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2008, wazitaja habari za utunzaji wa viungo kwa jina lake, kwamba zilindwe sawasawa na siri za watu wengine. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya faragha. Kisha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti, ambazo hazishughulikiwi ila na mtoa matibabu, au kwa dhamana yake, au na mtu afungwaye na wajibu wa kutunza siri. Zikivuja na kuhatarisha mwenyewe, Kamishna wa Data hupewa habari katika muda wa saa 72, na faini yaweza kufika shilingi 5,000,000, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ni sheria nzuri. Lakini yenyewe haimhusu mtu atumiaye habari kwa mambo yake ya nyumbani tu. Kwa hiyo kampuni yenye picha ya paja la mzee yabanwa, ila mpwa mwenye picha ileile yu huru. Hatusemi mpwa apelekwe kwa Kamishna. Twasema ni juu ya tabibu kumwambia azifute, na ni juu ya wenye nyumba kuhakikisha amezifuta.

Ama leseni, tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya matabibu wa viungo na Baraza lao, na ya mwaka huohuo kwa matabibu wa shughuli, wale wafundishao kuvaa, kula na kufanya kazi upya. Asiyeandikishwa haruhusiwi kujiita tabibu wa namna hizo. Simu hufanya sheria hii iwe rahisi kukwepwa, kwa kuwa mgonjwa haoni ukuta wenye cheti. Tena wako watoto wetu walioko Ghuba, Uingereza na Marekani, ambao kwa mapenzi mema humlipa tabibu wa huko amtunze mzazi aliye huku. Katika nchi nyingi kanuni ishikwayo ni kwamba matibabu hufanyika mahali alipo mgonjwa, si alipo tabibu. Hata Marekani, tabibu wa jimbo moja hana ruhusa ya kumtunza mtu wa jimbo jingine ila kwa leseni au kwa mapatano maalumu ya majimbo. Mtu wa London mwenye vyeti vyote vya kwao yaweza kuwa si kitu mbele ya Baraza la Nairobi. Likitokea jambo, mzee atamshitaki wapi?

Kuhusu kazi yenyewe ya mbali, Sheria ya Afya ya 2017 ilitamka kwamba matibabu kwa njia ya mitambo ya habari ni njia halali, ikaagiza itungwe sheria maalumu katika muda wa miaka mitatu. Miaka sita ikapita. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba pamoja na nyenzake mbili, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Mawakili wafurahi, mgonjwa hangoji rufani.

Tunarudi kwa mkono wa tatu, yule mkuu wa posta. Leo ni mke, binti, au kijana wa kazi aliyepewa simu ashike kwa mkono mmoja na mguu wa mzee kwa mkono wa pili. Leseni haimhusu, na katika sheria ya kawaida hatazamiwi kuwa na uangalifu wa tabibu, bali wa mtu wa kawaida mwenye busara. Haya ni maoni yetu, si hukumu ya mahakama: anayemwamuru mtu huyo ndiye achukuaye dhima ya kumfundisha, ya kumtazama akifanya, na ya kumwambia asifanye lile asiloliweza. Naye ana haki ya kukataa, kama Tuckett alivyotaka kukataa, pasipo kuambiwa kwamba hampendi mgonjwa wake. Ridhaa yake iulizwe mbali na ya mgonjwa, kwa kuwa mgongo utakaoumia katika kumwinua mzee ni wake yeye.

Kwa hiyo Halmashauri imeazimia kwamba mfuko utalipa matunzo ya simu kwa tabibu ambaye jina lake limo katika daftari la Baraza lake hapa Kenya, na ambaye amemwona mgonjwa ana kwa ana walau mara moja, au amepata ripoti ya mwenzake aliyemwona. Kila simu ianze kwa tabibu kuuliza mgonjwa yuko kijiji gani, nani yuko karibu naye, na ni nani mwenye gari akianguka. Picha zisitumwe katika makundi ya simu ya ukoo, wala ya chama chetu. Pamoja na ada ya tabibu, mfuko utalipa nauli ya msaidizi mmoja wa nyumbani kwenda kufundishwa siku mbili katika hospitali ya kaunti, pamoja na chakula chake, kwa kuonyesha tikiti za basi za kwenda na kurudi. Maombi yapelekwe kwa Katibu kabla ya tarehe 15 ya kila mwezi.